Kanga, kitenge na kikoi

Kanga, kitenge na kikoi ni majina ya aina tatu za nguo za pamba zinazovaliwa sana katika Afrika ya Mashariki. Zote tatu ni vipande vya kitambaa vyenye umbo la mstatili. Zote hufungwa mwilini bila kushonwa, na zote huuzwa katika maduka yaleyale. Kwa sababu hiyo majina yake huchanganywa mara kwa mara, hasa katika tafsiri na katika maelezo mafupi ya kamusi ambamo kila moja huitwa "nguo ya kujifunga".

Hata hivyo kwa mvaaji na kwa muuzaji nguo hizi hazifanani. Zinatofautiana kwa namna zinavyotengenezwa, kipimo cha kuuzia, mtu anayezivaa kwa desturi na ujumbe unaobebwa na nguo yenyewe. Tena majina yenyewe hubadilika maana kutoka sehemu moja hadi nyingine: neno leso, kwa mfano, ni nguo ya kujifunga mjini Mombasa, lakini ni kitambaa cha kufutia jasho mjini Dar es Salaam. Makala hii inalinganisha majina hayo matatu pamoja na majina ya karibu nayo, yaani leso, merikani, kaniki, shuka, doti, msuli na batiki.

Tofauti kwa ufupi

- Kanga huchapwa kiwandani ikiwa na pindo pande zote nne, mji katikati na maandishi yanayoitwa jina. Huuzwa kwa doti, yaani vipande viwili vinavyofanana. Kwa desturi ni nguo ya wanawake.
- Kitenge huchapwa kwa mapambo yanayojirudia kutoka mwanzo hadi mwisho wa kitambaa. Hakina mji wala jina. Huuzwa kwa yadi au mita, na mara nyingi hukatwa na kushonwa. Huvaliwa na wanawake na wanaume.
- Kikoi hakichapwi bali hufumwa. Rangi zake zimo katika nyuzi zenyewe, nazo huonekana kama mistari, hasa kwenye kingo. Huuzwa kipande kimoja kimoja. Kwa desturi ni nguo ya wanaume wa pwani.

Kanuni rahisi ni hii: kanga husomwa, kitenge hushonwa, kikoi hufumwa. Kanuni hiyo haimalizi kila kitu, lakini humsaidia mwanafunzi kuanza vizuri.

Kabla ya kanga: merikani na kaniki

Ufumaji wa pamba ni kazi ya zamani katika pwani ya Afrika ya Mashariki. Wachimbaji wa mambo ya kale walipata vigurudumu vya kusokotea nyuzi katika magofu ya Kilwa. Msafiri Ibn Battuta, aliyefika Mogadishu mwaka 1331, aliandika kwamba mji huo ulifuma vitambaa vilivyopelekwa hadi Misri. Wareno nao waliandika habari za vitambaa vya Pate, vikiwemo vya hariri.

Katika karne ya 19 vitambaa vya kigeni vilizidi kuingia. Mwaka 1833 Sayyid Said, mtawala wa Oman na Zanzibar, alifanya mkataba wa biashara na Marekani. Wafanyabiashara wa New England, hasa wa mji wa Salem, walileta Zanzibar kitambaa cha pamba kizito ambacho hakikutiwa rangi wala kufanywa cheupe. Watu walikiita merikani au amerikani, kwa jina la nchi kilikotoka. Kitambaa hiki kilipendwa kwa sababu kilidumu. Kilibebwa na misafara hadi Tabora na Ujiji, na huko bara kilitumika kama fedha, kwa maana ya kulipia chakula, hongo na mishahara ya wapagazi.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya miaka 1861 hadi 1865, vilipunguza sana biashara hiyo, na nafasi yake ikachukuliwa na vitambaa vya Uingereza na India. Lakini jina halikubadilika. Watu waliendelea kuita merikani kitambaa ambacho hakikuwahi kuiona Marekani. Huu ni mfano mzuri wa namna jina la nguo linavyoweza kudumu wakati asili yake imekwisha kugeuka.

Kaniki ni kitambaa cha pamba cha rangi ya buluu nzito inayokaribia weusi. Kiasili kilitoka India kikiwa kimetiwa rangi ya nili. Katika karne ya 19 kaniki ilijulikana kama vazi la wanawake maskini na hasa la wanawake watumwa. Rangi yake ilificha uchafu wa kazi, na bei yake ilikuwa ndogo. Mwenye hali nzuri hakupenda kuonekana nayo hadharani. Leo kaniki hutajwa zaidi katika habari za uganga, ambako kitambaa cheusi hutumika pamoja na cheupe na chekundu.

Hivyo merikani na kaniki yalikuwa majina ya vitambaa, na pia yalikuwa majina ya hali za watu. Aliyesikia kwamba mwanamke fulani amevaa kaniki alikuwa ameambiwa jambo kuhusu nafasi yake katika jamii.

Shuka na doti: vipimo vilivyogeuka nguo

Katika biashara ya misafara vitambaa vilipimwa kwa mkono, yaani urefu wa kuanzia kiwiko cha mkono hadi ncha ya kidole cha kati. Vipimo viwili vikubwa vilikuwa hivi:

- Shuka: mikono 4, takriban yadi 2. Ilitosha mtu mmoja kujifunga.
- Doti: mikono 8, yaani shuka mbili. Neno hili limetokana na lugha za Kihindi, ambako ni jina la nguo ya kiume ya kujifunga.

Robota zima la kitambaa liliitwa gora au jora, na urefu wake ulitofautiana kwa aina ya kitambaa. Neno jora hutumika hadi leo madukani.

Historia hii inaeleza kwa nini jozi ya kanga huitwa doti. Kanga mbili ambazo hazijatenganishwa zina urefu unaokaribia kipimo kile cha zamani. Shuka kwa upande wake limeacha kuwa kipimo na kuwa jina la nguo. Leo lina maana mbili: kitambaa cha kutandika kitandani, na nguo ya kujitanda inayovaliwa na Wamasai, ambayo mara nyingi ni nyekundu yenye mistari au miraba. Namna ya kuivaa ikiwa imefungwa juu ya bega moja huitwa lubega.

Leso na kanga

Leso ni neno lililotokana na Kireno, lenço, lenye maana ya kitambaa cha mkononi au cha kichwani. Kwa masimulizi yanayojulikana zaidi, katika nusu ya pili ya karne ya 19 wanawake wa pwani walianza kununua leso za rangi ambazo ziliuzwa zikiwa bado zimeunganika katika jora. Badala ya kukata moja moja, walikata sita kwa pamoja, wakazigawa tatu tatu na kuzishona sambamba. Matokeo yake yalikuwa nguo moja pana yenye leso tatu kwa mbili. Wafanyabiashara walipoona nguo hiyo inapendwa, waliagiza viwandani kitambaa cha ukubwa huo kilichochapwa kwa mara moja, bila mishono.

Jina la kanga kwa kawaida huelezwa kwa ndege anayeitwa kanga, mwenye manyoya meusi yenye madoa meupe. Baadhi ya nguo za kwanza za aina hii zilikuwa na madoa meupe juu ya rangi nzito, na watu wakazifananisha na ndege huyo. Tahajia ya khanga nayo imeenea, hasa nchini Tanzania, lakini katika kamusi umbo la kawaida ni kanga.

Hivyo leso na kanga ni majina mawili ya nguo moja. Leso hukumbusha asili ya nguo, na kanga hukumbusha sura yake ya mwanzo. Mombasa na Kenya kwa jumla zilibaki na leso, wakati Zanzibar na Tanzania bara zilishika kanga.

Sehemu za kanga

Kanga moja ina ukubwa wa takriban sentimita 150 kwa 110. Ina sehemu tatu:

- Pindo: ukingo wenye mapambo unaozunguka pande zote nne.
- Mji: uwanja wa katikati wenye pambo kuu, kwa mfano embe, korosho, ua au nyota.
- Jina: maandishi yaliyo juu ya pindo la chini, ndani ya mji. Pengine huitwa ujumbe au maneno ya kanga.

Kanga za kwanza hazikuwa na maandishi. Kuanza kwa majina, mwanzoni mwa karne ya 20, kwa kawaida huhusishwa na Kaderdina Hajee Essak, mfanyabiashara wa Mombasa aliyejulikana kwa jina la Abdulla. Majina ya mwanzo yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na baadaye herufi za Kilatini zikachukua nafasi hiyo.

Kwa muda mrefu kanga zilibuniwa Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam lakini zilichapwa ng'ambo, zikiwemo nchi za Uingereza, Uholanzi, Uswisi, India na Japani. Baada ya uhuru, viwanda vya Afrika ya Mashariki vilianza kuzichapa. Kiwanda cha Urafiki cha Dar es Salaam, kilichojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 1968, kilijulikana sana kwa kanga na vitenge. Siku hizi sehemu kubwa ya kanga zinazouzwa hutoka India na China.

Kanga na hadhi ya mvaaji

Utumwa ulifutwa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897. Katika miaka iliyofuata wanawake wengi waliotoka utumwani waliacha kaniki na kuvaa kanga. Kwao haikuwa suala la mitindo peke yake. Kaniki iliwatambulisha kama watumwa. Kanga, iliyokuwa na rangi nyingi na iliyobadilika kila mara meli zilipoleta mapambo mapya, iliwatambulisha kama waungwana wanaojinunulia nguo yao. Kwa hiyo anayetafsiri habari za Zanzibar za wakati huo na kuandika neno moja kwa kaniki na kanga huwa ameondoa jambo kubwa lililotokea.

Jina la kanga kama usemi

Wanunuzi wengi husoma jina kabla ya kutazama rangi. Jina linaweza kuwa methali, dua, shukrani, mapenzi, onyo au kijembe. Kanga yenye maneno kama "Nani kama mama" hupewa mzazi. Kanga yenye maneno ya kuonya majirani huvaliwa siku ambayo jirani anayelengwa atapita. Mvaaji hahitaji kusema kitu. Akiulizwa, anaweza kujibu kwamba alipenda rangi tu. Kwa njia hii kanga imewawezesha wanawake kusema mambo ambayo adabu haikuruhusu kuyatamka mbele ya watu.

Kanga huhusika pia na hatua zote za maisha. Mtoto hupokewa na kubebwa kwa kanga. Bibi arusi huvishwa kisutu, kanga ya kale yenye rangi nyekundu, nyeusi na nyeupe. Msibani wanawake hujitanda kanga juu ya nguo zao, na katika sehemu nyingi kanga hutumika wakati wa kuosha na kufunika maiti.

Kitenge

Kitenge (wingi: vitenge) ni kitambaa cha pamba kilichochapwa kwa mapambo makubwa yanayojirudia. Jina lina ndugu zake katika lugha nyingine za Kibantu, kama vile igitenge katika Kinyarwanda, na chitenge au chitenje katika lugha za Zambia na Malawi.

Asili ya mapambo yake ni batiki ya kisiwa cha Java, ambayo hutengenezwa kwa kufunika sehemu za kitambaa kwa nta ili rangi isiingie. Katika karne ya 19 viwanda vya Uholanzi vilianza kuiga kazi hiyo kwa mashine. Kimojawapo ni kiwanda cha Vlisco cha mji wa Helmond, kilichoanzishwa mwaka 1846. Soko kubwa la vitambaa hivyo lilipatikana Afrika ya Magharibi, na baadaye vikaenea hadi Kongo na Afrika ya Mashariki.

Katika biashara hutofautishwa aina mbili. Ya kwanza ni waksi, ambayo hutiwa utomvu pande zote mbili kabla ya kutiwa rangi. Pambo lake huonekana sawasawa mbele na nyuma, na huwa na vijistari vidogo mahali ambapo utomvu ulipasuka. Ya pili ni kitenge cha kuchapwa kwa kawaida, ambacho pambo lake ni kali upande mmoja na hufifia upande wa pili. Aina hii ya pili ni ya bei nafuu na ndiyo inayoonekana zaidi sokoni.

Kitenge huuzwa kwa yadi au mita, na kipande kinachojulikana zaidi ni cha yadi 6, yaani takriban mita 5 na nusu. Kipande hicho kinatosha gauni au sketi na blauzi pamoja na kilemba. Kwa kuwa pambo hujirudia, fundi anaweza kukata mahali popote bila kuharibu kitu. Kanga ni tofauti: ukiikata unatenga pindo na mji na kukata jina katikati, na ndiyo sababu wazee wengi hawakupenda kuona kanga imeshonwa gauni. Hata hivyo wabunifu wa siku hizi hushona kanga pia, wakipanga pindo lishuke kwenye mikono au chini ya sketi.

Kitenge hakina jina kama kanga, lakini kina lugha yake. Familia au kikundi hushona sare ya kitenge kimoja kwa ajili ya arusi au msiba, na kwa kuona sare hiyo watu hutambua nani ni wa upande gani. Katika nchi kadhaa hutolewa vitenge maalumu vya Siku ya Wanawake Duniani, tarehe 8 Machi. Nchini Zaire (leo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo), katika miaka ya 1970, serikali ya Mobutu Sese Seko ilihimiza wanawake wavae nguo za kujifunga za aina hii na kuacha suruali, kama sehemu ya siasa yake ya kurudi kwenye uasili wa Kiafrika.

Kitenge na batiki

Nchini Tanzania na Kenya neno batiki hutumika kwa kitambaa kinachopambwa kwa mikono, kwa nta au kwa kufunga mafundo kabla ya kutia rangi. Kazi hii hufanywa na watu binafsi na vikundi vidogo, nyumbani au katika karakana. Kitenge ni bidhaa ya kiwandani. Ingawa vyote viwili vina asili ya ufundi wa nta, sokoni si kitu kimoja.

Kikoi

Kikoi (wingi: vikoi) ni nguo ya pamba iliyofumwa, yenye mistari ya rangi kwenye kingo na mara nyingi matamvua kwenye ncha zake. Katikati huwa na rangi moja au mistari myembamba. Huvaliwa kwa kuzungushwa kiunoni na kukunjwa juu ili ishike bila mshipi. Wavuvi, mabaharia na wakulima wa pwani hukivaa kwa kazi. Nyumbani huvaliwa kwa mapumziko, na wengi hukivaa ndani ya kanzu. Katika jambo hili kikoi ni ndugu wa nguo ya Oman iitwayo wizar, ambayo nayo hufungwa kiunoni na kuvaliwa ndani ya vazi refu la kiume.

Katika sehemu nyingi za Tanzania, hasa Zanzibar, nguo ya kiume ya kujifunga kiunoni huitwa msuli (wingi: misuli). Mwanafunzi akumbuke kwamba msuli ni pia jina la nyama ya mwili inayokaza na kulegea. Muktadha ndio unaoamua.

Tangu utalii ulipokua, kikoi kimevuka mipaka yake ya zamani. Wageni hukitumia ufukweni kama taulo au shali, wanawake hukivaa, na mafundi hukishona mashati, suruali na mikoba. Kikoi cha mtalii mara nyingi kina rangi kali zaidi kuliko kile ambacho mzee wa Lamu angekwenda nacho msikitini, lakini jina ni lilelile.

Neno kikoi kama mali

Katikati ya miaka ya 2000 kampuni moja ya Uingereza iliomba kusajili nchini humo neno hili, kwa tahajia ya "kikoy", liwe alama yake ya biashara. Kama ombi lingekubaliwa, mfanyabiashara wa Kenya anayepeleka vikoi Uingereza angeweza kuzuiwa kuviita kwa jina lake. Wafanyabiashara wa Kenya na watetezi wa biashara ya haki walipinga. Hoja yao ilikuwa kwamba kikoi ni nomino ya kawaida ya Kiswahili inayotaja aina ya nguo, kama vile shati au kofia, na haiwezi kuwa mali ya kampuni moja. Usajili huo haukufanyika.

Jambo hili lilionyesha kwamba maana ya neno la mavazi inaweza kuwa suala la riziki. Neno lenye maelezo mazuri katika kamusi na vitabu ni rahisi kulitetea. Neno linaloelezwa kwa kubahatisha ni rahisi kuchukuliwa.

Majina ya aina na majina ya kazi

Baadhi ya maneno ya mavazi hayataji aina ya kitambaa bali kazi yake. Haya yasichanganywe na majina yaliyoelezwa hapo juu.

- Mbeleko: nguo ya kubebea mtoto mgongoni. Kanga ikibeba mtoto huwa mbeleko. Mtoto akishuka inarudi kuwa kanga.
- Mtandio: nguo nyepesi ya kujitanda kichwani na mabegani.
- Kilemba: kitambaa kinachozungushwa kichwani. Kinaweza kuwa kitenge, kanga au kitambaa kingine.
- Sare: nguo zinazofanana zinazovaliwa na watu wa kundi moja.

Vitenzi navyo husaidia. Mtu hujifunga kanga au kikoi kiunoni, hujitanda kanga au mtandio, hupiga kilemba, na huvaa gauni la kitenge. Mwandishi akiandika "alivaa kanga" hajakosea, lakini "alijifunga kanga moja na kujitanda nyingine" inaeleza vazi kamili la doti kama linavyovaliwa.

Matumizi ya majina katika nchi mbalimbali

- Kenya: leso ndilo jina la kawaida la kanga, hasa pwani. Kanga pia hueleweka. Kitambaa cha mkononi huitwa hankachifu.
- Tanzania bara: kanga au khanga. Leso ni kitambaa cha mkononi.
- Zanzibar: kanga kwa wanawake, kikoi au msuli kwa wanaume.
- Uganda: katika Kiganda nguo ya aina ya kanga huitwa leesu, neno lililotokana na leso. Kitenge hueleweka kote.
- Rwanda na Burundi: igitenge kwa kitenge.
- Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo: katika Kiswahili cha mashariki na cha Katanga husikika kikwembe (wingi: bikwembe au vikwembe) pamoja na kitenge.
- Zambia na Malawi: chitenge au chitenje, jina ambalo hutumika kwa nguo ya kujifunga kwa jumla.
- Msumbiji: capulana, nguo ya kujifunga inayokaribiana na kanga na kitenge kwa matumizi.

Makosa ya kawaida

1. Kusema kwamba kanga ni kitenge chenye maandishi. Maandishi peke yake hayatoshi. Kitenge cha kampeni za uchaguzi kinaweza kuwa na maneno na picha ya mgombea, lakini kama hakina pindo pande zote nne na mji, bado ni kitenge.
2. Kuita kanga moja doti. Doti ni jozi. Kanga moja huitwa upande au kipande cha kanga.
3. Kutafsiri leso bila kuangalia mahali. Katika hadithi ya Mombasa, mwanamke aliyejifunga leso amevaa nguo kamili. Msomaji wa Tanzania asipoelezwa atashangaa.
4. Kuita batiki kila kitambaa chenye rangi nyingi.
5. Kukosea ngeli. Kanga ya nguo iko katika ngeli ya I-ZI: kanga hii imechakaa, kanga hizi zimechakaa. Kanga ndege hufuata upatanisho wa A-WA: kanga huyu ametaga. Kitenge na kikoi ziko katika ngeli ya KI-VI, na msuli katika ngeli ya U-I.

Tazama pia

- Buibui
- Kanzu
- Kofia
- Mitumba
- Pamba